KIPAJI BILA DAFTARI

Jioni ya Jumapili, tarehe 1 Machi, 2020, katika uwanja wa Wembley jijini London, mwana wa Tanzania alijirusha mbele ya walinzi wa Manchester City, akaupiga mpira kwa kichwa, ukatinga wavuni. Ilikuwa dakika ya 41 ya fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza. Timu yake ya Aston Villa ilikuwa nyuma kwa mabao 2, na mwishowe ilishindwa kwa mabao 2 kwa 1. Lakini bao lile la Ndugu Mbwana Samatta lilipokewa Bukoba, Muleba na visiwani kwa shangwe kana kwamba kombe lenyewe limeteremshwa gatini Kemondo.

Hatulikumbushi tukio hilo kwa kutaka kurudia shangwe, maana shangwe haina uhaba katika mkoa huu. Tunalikumbusha kwa sababu tangu siku ile tumekuwa tukiulizwa swali moja kila tushukapo mwaloni, iwe Bumbire, Goziba, Kerebe, Ikuza au Mazinga: Na kwetu atatoka lini? Swali hilo ni la haki. Jibu letu, ambalo huenda lisiwafurahishe baadhi ya wananchi na baadhi ya viongozi, ni kwamba yawezekana amekwisha kutoka, tena zaidi ya mmoja, nasi hatuna hata karatasi moja ya kuthibitisha kwamba alikuwa wetu.

Yafaa kwanza tuitazame njia aliyopita Ndugu Samatta, kwa kuwa wengi wetu huona mwisho wake tu. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992. Alichezea African Lyon, akaenda Simba, na mwaka 2011 akavuka mpaka kwenda Lubumbashi kujiunga na TP Mazembe. Huko alikaa karibu miaka 5, na mwaka 2015 akatwaa Ubingwa wa Klabu za Afrika akiwa mfungaji bora wa mashindano hayo. Januari 2016 alitangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara hili. Mwezi huo huo akaenda Genk, Ubelgiji. Akawa bingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19, na Novemba 2019 akaifunga Liverpool katika uwanja wao wa Anfield. Ndipo Aston Villa walipomchukua, tarehe 20 Januari, 2020. Siku 12 baadaye aliwafunga Bournemouth, akawa Mtanzania wa kwanza kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza.

Alidumu Uingereza miezi 8 tu, kisha akahamia Fenerbahçe ya Uturuki. Wako waliobeza muda huo kuwa mfupi. Sisi hatukubaliani nao. Mtu aliyepanda ngazi ya vidato vingi kwa miaka zaidi ya 10 hapimwi kwa muda aliosimama juu ya kidato kimoja. Linalotushughulisha hapa ni hili: katika kila kidato alichokanyaga palikuwa na klabu, na kila klabu ilikuwa na jina lake katika daftari. Hakuhama hata mara moja pasipo karatasi.

Sasa tutazame mbali kidogo. Vijana wetu wanaojaa katika vibanda vya kuonyeshea mpira wanawajua mawinga wa Brazil kuliko wanavyowajua madiwani wao. Tumchukue mmoja, Willian, winga wa kulia aliyewachezea Chelsea kwa miaka 7 na kutwaa nao ubingwa wa Uingereza mwaka 2015 na mwaka 2017. Huyu hakuokotwa njiani. Alilelewa tangu utotoni katika klabu ya Corinthians ya jiji la São Paulo, na mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 19, aliuzwa kwa Shakhtar Donetsk ya Ukraine. Katika mwaka mmoja wa 2013 alihamishwa mara 2, kwanza kwenda Anzhi ya Urusi, kisha Chelsea. Katika kila safari ya namna hiyo, wale waliomfundisha akiwa mtoto kule São Paulo walikuwa na haki ya kudai fungu lao, ijapokuwa yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka kwao miaka mingi.

Haki hiyo inatoka wapi? Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wetu, hasa maofisa wa Serikali na viongozi wa kata, watuvumilie, kwa kuwa jambo lenyewe ni la hesabu, na hesabu ndiyo inayotupunja.

Tangu mwaka 2001, kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA, zinaagiza kwamba mchezaji wa kulipwa anapohamishwa kwa malipo kutoka klabu ya nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya malipo hayo itengwe na kugawiwa klabu zote zilizomlea, kuanzia mwaka anaotimiza umri wa miaka 12 hadi mwaka anaotimiza miaka 23. Kanuni hiyo huitwa mchango wa mshikamano. Kwa kila mwaka mmoja wa malezi kati ya miaka 12 na 15, klabu hupata robo ya asilimia 1 ya malipo yote. Kwa kila mwaka kati ya 16 na 23, hupata nusu ya asilimia 1. Klabu haihitaji kuwa tajiri wala kucheza ligi kuu. Klabu ya ridhaa ya kijijini ina haki ile ile, mradi iwe imesajiliwa, iwe mwanachama katika ngazi za soka za nchi yake, na iwe imemwandikisha mtoto huyo.

Tupige mfano. Malipo ya Aston Villa kwa Genk yalitajwa na magazeti ya Uingereza kuwa yalizidi paundi milioni 8. Tuseme basi kijana wa Goziba, aliyecheza katika klabu ya kisiwa chake tangu miaka 12 hadi 15, anahamishwa siku moja kwa paundi milioni 10. Kwa miaka hiyo 4 klabu ya Goziba ingestahili asilimia 1 ya malipo hayo, yaani paundi 100,000, ambazo kwa thamani ya fedha yetu leo ni zaidi ya shilingi milioni 250. Na kama angehamishwa tena baada ya miaka 2, klabu ingestahili tena. Yuko pia winga wetu mwenyewe, Ndugu Simon Msuva, aliyeondoka Yanga mwaka 2017 kwenda Morocco akaitumikia Difaa El Jadida na baadaye Wydad Casablanca. Uingereza si mlango wa pekee. Mpaka wowote unaovukwa kwa malipo huifanya kanuni hii ifanye kazi.

Mbali ya mchango huo ipo pia fidia ya mafunzo, ambayo hudaiwa kijana anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kuwa mchezaji wa kulipwa katika nchi nyingine. Na tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo chake mjini Paris kinachokusanya na kugawa fedha hizi. Chombo hicho hutazama historia ya usajili wa mchezaji mwaka kwa mwaka, kama ilivyoingizwa katika mitambo ya vyama vya soka vya nchi. Penye jina la klabu, fungu lina mwenyewe. Penye pengo, hakuna klabu ya kudai. Hakuna ofisa wa Paris atakayepanda mtumbwi kuja Bumbire kuuliza wazee nani alimfundisha mtoto huyu kupiga krosi.

Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba watu wakikopeshana waandikiane, na mashahidi wawepo. Kijana mwenye kipaji ni amana ya kisiwa kizima, tunampeleka ugenini mikono mitupu, kisha tunashangaa kwamba amana hairudi na faida yake haionekani.

Tutoe ushuhuda mmoja, na ushuhuda huu unatuhusu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuchagua timu ya vijana. Akaja kijana kutoka kisiwa kimoja, winga wa kushoto. Alikuwa amesafiri usiku juu ya magunia ya dagaa kwa kuwa hakuwa na nauli, na viatu alivyovaa vilikuwa vya kuazima. Alipopewa mpira, mabeki wa bara walimwona mgongo tu. Tulisimama tukampigia makofi. Hatukumwuliza cheti cha kuzaliwa, wala klabu yake, wala nani aliye mlezi wake. Na hata kama tungemwuliza, asingekuwa na la kutuonyesha.

Kabla ya juma kwisha, alikuja mtu mmoja mwenye maneno matamu akamchukua kwenda mji wa mbali. Mama yake aliambiwa kwamba atapigiwa simu. Kijana yule alichezeshwa huku na huko kwa jina ambalo si lake na kwa umri ambao si wake, maana aliyemchukua alihitaji mtoto mdogo zaidi ya aliyempata. Baada ya miaka 4 alirudi na goti bovu na begi moja. Hakuwa na mkataba wa kumdai mtu, wala jina lake halisi halikuwa limeandikwa mahali popote kwamba liliwahi kucheza mpira. Leo anavuta nyavu za dagaa. Yule aliyemchukua alimkosea; lakini sisi tuliopiga makofi bila kushika kalamu tulimfungulia mlango. Kujikosoa ni desturi njema ya Chama, nasi hatuwezi kuwataka wengine waifuate huku sisi tunaikwepa.

Suala la umri halina mzaha. Timu yetu ya taifa ya vijana, Serengeti Boys, iliondolewa katika mashindano ya Afrika ya mwaka 2005 kwa kosa la umri wa mchezaji. Mwaka 2017 mambo yaligeuka: Congo Brazzaville waliondolewa kwa utata wa umri wa mchezaji wao, na Tanzania ikapewa nafasi yao kwenda Gabon. Upanga ule ule uliotukata ulikuja kutukatia njia. Aliyeandikwa vizuri hahofu kupimwa. Lakini mtoto wa kambi ya wavuvi, ambaye wazazi wake wametoka Ukerewe au Kigoma na kesho watahamia mwalo mwingine kufuata samaki, ni rahisi mno kukua hadi miaka 15 bila cheti cha kuzaliwa. Mtoto huyo yuko tayari kuporwa na dalali wa kwanza atakayekuja.

Tunajua hoja zitakazoletwa dhidi yetu. Watasema baadhi ya maofisa: Visiwa vinahitaji zahanati, maji safi na madawati, ninyi mnatuletea habari za mpira? Tunakubali kwamba zahanati hutangulia mpira, na hatuombi hata shilingi moja itolewe katika fungu la zahanati. Tunaomba daftari. Cheti kile kile kitakachomlinda mtoto uwanjani ndicho kitakachomwandikisha shule na kumfaa katika kila ofisi ya Serikali maisha yake yote. Ofisa atakayewaandikia vyeti watoto wa kisiwa kwa ajili ya mpira atakuwa amefanya kazi ambayo tangu hapo ilikuwa yake.

Watasema wengine: Watoto wangapi watafika Uingereza? Wachache sana, na pengine asifike hata mmoja katika uhai wetu. Mzazi anayemwachisha mwanawe shule kwa matumaini ya Ulaya anakosea, nasi tunamkataza. Lakini hata mkulima wa kahawa wa Bukoba hakujua ni gunia lipi litapata daraja la juu; alipima yote, akaandika yote, akachukua stakabadhi ya kila gunia. Angefanya vinginevyo angeitwa mjinga. Kwa nini basi watoto wetu wathaminiwe pungufu ya kahawa?

Tena wakati unatubana. Timu ya mkoa wetu, Kagera Sugar, ambayo kwa miaka mingi ilivileta vigogo wa nchi hii katika uwanja wa Kaitaba, iliteremka daraja mwaka 2025. Timu ya mkoa inapoteremka, macho ya watafuta vipaji huhamia kwingine, na kijana wa huku hubaki na madalali. Mkoa huu unajua maana ya kusimama baada ya kuanguka. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi yetu ya Kagera. Mwaka 1979, mwaka ule ule wa ushindi, Peter Tino alifunga bao kule Ndola, Zambia, na Taifa Stars ikafuzu kwenda fainali za Afrika za mwaka 1980 huko Lagos. Ilitubidi kungoja miaka 39, hadi 2019, ndipo tukarudi katika fainali hizo, na mabao yetu 2 ya mwaka huo, yote dhidi ya Kenya, yalifungwa na Msuva na Samatta. Taifa lililongoja miaka 39 halina anasa ya kupoteza vijana kwa uzembe wa kutoandika.

Kwa hiyo tunatoa wito, na kila wito tunamwelekezea mwenye kazi.

Kwa wananchi wa visiwani: kila kata na iwe na klabu moja iliyosajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo na kujiunga na chama cha soka cha wilaya. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, ni mema na yaendelee. Lakini shule si klabu, na fungu tulilolieleza hudaiwa na klabu. Mwalimu anayewafundisha watoto mpira jioni awe pia katibu wa klabu, ili jasho lake liwe na kumbukumbu. Daftari liwe na jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mlezi, na kila mwaka aliocheza. Kisha majina hayo yapelekwe yakaingizwe katika usajili wa elektroniki, maana daftari linalobaki kabatini mwa katibu haliwezi kudai kitu.

Kwa Maofisa wa Utamaduni na Michezo wa wilaya: msiwangoje watu wa visiwani waje Muleba mjini na karatasi zao. Nauli ya mtumbwi, siku ya kungoja upepo utulie, na siku ya kungoja saini ni siku 3 za uvuvi zilizopotea. Nendeni ninyi, mara 1 kwa mwaka, pamoja na wahusika wa vyeti vya kuzaliwa, mmalize kazi hapo hapo mwaloni. Visiwa hulipa ushuru wa samaki mwaka mzima. Safari moja ya namna hiyo haiwezi kuitwa upendeleo.

Kwa viongozi wa soka wa wilaya na mkoa: mashindano ya vijana yapangwe ili visiwa vichezeane visiwani, na washindi tu ndio wavuke kuja bara, tena wavuke mchana, kila mtoto akiwa amevaa jaketi la kujiokolea. Ziwa hili limekwisha kutufundisha kwa msiba, na hatutaki somo la pili kwa ajili ya mechi.

Kwa wazazi: asiondoke mtoto na mtu yeyote, awe na gari zuri namna gani, pasipo maandishi yaliyosainiwa mbele ya Mtendaji wa Kata na katibu wa klabu. Ajuaye sheria anajua kwamba kanuni za FIFA zinakataza, isipokuwa kwa masharti machache maalumu, mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine. Anayewaahidi Ulaya mtoto wa miaka 14 hakuletea bahati; amekuja kuiba, na apelekwe kituo cha polisi kabla mtumbwi wake haujang'oa nanga.

Yote haya hayadai kiwanja kipya wala mfadhili kutoka ng'ambo. Sisi wa kizazi chetu tulicheza mpira wa majani makavu ya migomba, na hatukuona aibu. Aibu iko kwingine. Siku moja, huenda karibu, kijana atafunga bao katika uwanja wa mbali, mtangazaji atasema ni wa kutoka Tanzania, na mama mmoja kisiwani Ikuza atawaambia jirani zake: Huyu ni wangu, alijifunzia hapa. Jirani zake watamwamini. Kazi yetu, tunaoshika mihuri na kalamu, ni kuhakikisha kwamba siku hiyo hata wasiomjua mama huyo watalazimika kumwamini, kwa kuwa limeandikwa.